Magazeti Waliyoyachoma Nyuma ya Jikoni

Nina hasira, na sitaificha kwa sababu tu nimestaafu.

Muhula uliopita mwalimu kijana niliyewahi kumwelekeza kazini alinialika shuleni kwake, hapa Nakuru, nikasikie watoto wa gredi ya tatu wakisoma. Nilivaa sweta yangu nzuri nikaenda. Msichana mmoja akasimama, akafungua kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti ikipanda na kushuka kama ya mtangazaji wa redio. Wenzake wakapiga makofi. Mwalimu akanitazama akingoja nimsifu. Nikamwita yule mtoto aje na kitabu chake, nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja katikati ya mstari wa nne. Akaanza ukurasa tangu mwanzo. Nikamwambia hapana, nataka neno hili tu. Akaanza tena tangu mwanzo.

Hakuwa anasoma. Alikuwa anaimba.

Mtoto sikumkasirikia. Nilipomvuta mwalimu kando, aliniambia kwa adabu zote kwamba hakuna shida, kwa maana wanaokuja kuwapima watoto huja na kitabu hichohicho. Hapo ndipo damu iliponichemka. Nilirudi nyumbani nikakaa na chai ikapoa mbele yangu. Nyinyi mnaoanza kazi hii, ndio ninaowaandikia. Mnaniita mzee, mathe, shosho, niiteni mnavyotaka. Lakini nisikilizeni.

Nilifundisha kusoma kwa miaka thelathini na kitu, mingi yake katika shule moja ya msingi kule Bondeni. Na kabla hamjasema kwamba huyu mama anajiona, niwaambie kwamba mimi nilikuwa bingwa wa kuimbisha. Darasa langu la pili lilikuwa likisoma kwa sauti moja hadi wapita njia wanasimama nje ya ua. Siku moja alikuja mkaguzi, akasikiliza, akatabasamu, akatembea kati ya madeski. Akafika kwa mtoto aliyeitwa Otieno, akasimama. Kisha akashika kitabu cha Otieno kwa vidole viwili na kukigeuza. Kilikuwa juu chini. Otieno aliendelea kusoma bila hata kupumua.

Darasa zima lilicheka, mkaguzi akacheka, na mimi nikacheka kwa mdomo. Tumboni sikucheka.

Aliyenifungua macho hakuwa mwalimu. Alikuwa Mzee Karanja, mwenye bucha karibu na stendi ya mkaa, mtu mnene, mpole, mwenye kisu kikali kuliko ulimi wake. Siku hizo nyama ilifungwa kwa gazeti kuukuu. Jioni moja, jua likiwa bado liko juu, nilimkuta Otieno pale mlangoni ametumwa nyama robo. Ameshika kifurushi kwa mikono miwili, ametoa macho, anasoma majina ya wachezaji wa mpira kwenye karatasi yenye damu. Anasoma polepole, silabi baada ya silabi, anarudi nyuma anapokosea. Nilisimama kama mtu aliyemwagiwa maji.

Mzee Karanja akaniambia, huku akipangusa kisu, "Mwalimu, huyu mtoto anasoma. Labda ni kitabu chako ndicho hakisomeki."

Tangu siku hiyo akaniwekea kurasa safi kabla hajazifungia nyama. Alinunua magazeti ya zamani kwa kilo, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na kila Jumamosi nilibeba furushi langu kwenye kikapu, sukuma wiki juu, magazeti chini.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi, kwa sababu hasira bila kazi ni kelele. Usimpe mtoto habari kuu ya ukurasa wa kwanza. Itamchosha, na mara nyingi ni siasa. Mpe kwanza herufi kubwa za vichwa vya habari, azikate, azipange, aandike jina lake. Gundi pika mwenyewe kwa unga wa ngano na maji, ila usiiache mezani, panya wa Bondeni wanaijua kuliko wewe. Kisha mpe matangazo madogo, yale ya nyumba ya kupanga na ng'ombe aliyepotea, kwa maana ni mafupi na yana jambo. Mpe hali ya hewa, kisha mpeleke nje aangalie mawingu aone kama gazeti lilidanganya. Mpe bei ya viazi, aende amsomee mama yake. Kata katuni, ufute maneno, mwambie ayajaze. Mpira wape wasichana pia. Nilikuwa na wasichana waliojua msimamo wa ligi kuliko baba zao.

Siri ya gazeti ni moja tu. Mtoto hajawahi kuuona ukurasa huo. Hakuna wa kumkaririsha. Anasoma, au hasomi, na nyote wawili mtajua palepale.

Na kuna sharti moja. Soma kila ukurasa wewe kwanza. Hili nililijua, nikalivunja, na sasa nawaambia kilichotokea.

Nilikuwa na msichana wa darasa la nne aitwaye Nekesa. Alikuwa na miaka kumi, mrefu, mkimya, na hakuwa anaweza kusoma. Walimu wawili kabla yangu walikuwa wameandika kwenye ripoti yake kwamba ni mvivu. Hakuwa mvivu. Aliogopa. Ukimwambia asimame asome, anasimama na kuangalia sakafu mpaka umwambie akae. Mama yake alikuwa akiuza mboga nje ya mtaa, na yeye hakuwahi kwenda shule. Baba yake, Wafula, alikuwa dereva wa lori la mbao, akifanya kazi upande wa Elburgon, akija nyumbani mara moja kwa mwezi, halafu akaacha kuja. Nekesa aliniambia baba amepata kazi ya lori Sudan Kusini. Aliyeleta habari hizo alikuwa ndugu yake baba, Barasa, jirani yao, na mwenyekiti wa kamati ya wazazi pale shuleni kwetu.

Kwa muhula mmoja mzima nilikaa na Nekesa na herufi za kukata. Alianza na jina lake. Kisha la mama yake. Kisha akataka la baba yake, akalibandika ndani ya jalada la daftari. Sikujua kwamba nilikuwa nikimfundisha jina hilo ili akalikute alikolikuta.

Wiki ile nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na nilichoka. Furushi la Mzee Karanja nililikata kurasa kwa kurasa bila kulipitia. Asubuhi, baada ya uji, nikagawa, kila mtoto ukurasa mmoja, kazi ikiwa kutafuta maneno matano unayoweza kusoma mwenyewe. Darasa likainama. Baada ya muda kidogo mkono ukainuka nyuma. Ulikuwa mkono wa Nekesa, ambao sikuwahi kuuona ukiinuka.

Nilifurahi mpaka nikasahau kuangalia ana ukurasa gani. Nikamwambia asimame asome. Akaweka kidole, akasoma polepole, "Wa-fu-la." Nikawaambia wenzake wampigie makofi. Nasema ukweli wangu mbele ya Mungu, niliwaambia wapige makofi, nao wakapiga kwa moyo wote, kwa kuwa wote walijua Nekesa hakuwahi kusoma.

Yeye hakukaa. Alisema, "Huyu ni baba." Nikakaribia. Ilikuwa picha ndogo ya mwanamume aliyevaa koti, na juu yake maandishi meusi ya tangazo la kifo. Matangazo hayo huwa mengi kwenye magazeti ya Kiingereza, lakini familia ile ilikuwa imetangaza kwenye la Kiswahili. Kabla sijanyoosha mkono, Nekesa alikuwa akiendelea kusoma, sasa bila kuombwa na mtu. Akasoma mume mpendwa wa nani, jina la mwanamke ambaye sikumjua na yeye hakumjua. Akasoma baba mpendwa wa Brian, Sharon na Kevin. Kidole kikafika mwisho wa mstari, kikarudi, kikapita tena.

"Ticha," akasema, "mbona jina yangu haiko?"

 

Nilimtoa nje, tukaketi kwenye ngazi za veranda. Hakulia. Aliniuliza kama gazeti huwa linakosea. Nilitamani sana kumwambia ndiyo, kila siku linakosea, rudi ukacheze. Nikamwambia wakati mwingine linakosea, lakini hili sidhani limekosea. Akakunja ukurasa mara nne, vizuri, akauweka mfukoni mwa sare. Sikumnyang'anya.

Saa ya chakula cha mchana nilimpeleka kwa mama yake. Tulimkuta kwenye meza yake ya mboga akifunga sukuma mafungu mafungu. Nilianza kuzungukazunguka na maneno, kama tunavyofanya watu waliosoma tukiwa na hatia. Nikaomba ule ukurasa, nikaukunjua ili nimsomee. Mama Nekesa akanizuia.

"Wewe ngoja, Mwalimu," akasema. "Asome yeye."

Nekesa akasoma. Ilichukua muda mrefu. Alikwama kwenye neno mazishi, akalirudia mara tatu mpaka likatoka. Mama yake hakuacha kufunga mboga hata mara moja, ila mafungu yalizidi kuwa makubwa, makubwa kupita kiasi. Mwisho akaniuliza tarehe. Nikamwambia. Ilikuwa imepita miezi saba. Akahesabu kwa vidole, akasema mwezi huohuo shemeji Barasa alikuja kwake akaketi kwenye kiti, akanywa chai, akamwambia Wafula anasalimia, ila huko network ni mbaya.

Barasa alikuwa ametoka kumzika ndugu yake. Ukoo haukutaka mke wa Bondeni aonekane kaburini wala mtoto wake atajwe panapogawanywa shamba. Njia rahisi kuliko zote ilikuwa hii: hajui kusoma, asiambiwe.

Siku ya tatu yake, Barasa aliitisha mkutano wa wazazi. Ajenda haikuwa uongo wake. Ajenda ilikuwa mimi. Alisema magazeti yana siasa, ajali na picha za aibu, na mwalimu huyu anawalisha watoto mambo ya wakubwa. Mwalimu mkuu aliketi kando yake akitazama viatu vyake. Nilipoambiwa niombe msamaha, niliomba. Niliomba kwa kutopitia ukurasa ule kabla ya kuugawa, na naomba hata leo, kwa kuwa mtoto hapaswi kuipata habari kama hiyo mbele ya wenzake arobaini na makofi juu. Lakini Barasa hakutaka msamaha huo. Alitaka niombe msamaha kwa kumfundisha mtoto kusoma gazeti. Nilikataa. Akauliza, akiwaangalia wazazi, mtoto wa miaka kumi anatafuta nini kwenye ukurasa wa vifo.

Mama Nekesa alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, bado na aproni ya mboga. Hakupaza sauti.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Nyinyi mnajua. Nani hapa aliona hilo gazeti?"

Sikia mtu akikohoa, sikia kiti. Kisha jirani yake, mama aliyechota maji naye kwenye bomba moja kila asubuhi, akainua mkono. Aliuinua nusu, akiangalia chini. Baada yake mwingine. Kisha mwanamume mmoja wa kwaya, kisha fundi viatu. Mikono iliinuka mmoja mmoja, hadi nikaacha kuhesabu. Watu hawa wote walikuwa wamesoma. Walikuwa wamesoma wakakunja gazeti wakamsalimia mjane kwa miezi saba, habari ya asubuhi mama, habari ya jioni. Walimu wao waliwafundisha vizuri, hawakukwama kwenye neno mazishi. Miaka mingi baadaye mwalimu mkuu aliniambia mwenyewe kwamba naye aliliona, ila siku ile mkono wake ulikuwa mzito.

Mama Nekesa aliitazama mikono yote. Hakumtukana mtu. Akamshika mtoto wake, wakatoka. Barasa akasema mkutano umekwisha.

Mnadhani baada ya hapo aibu ilifanya kazi yake? Jumatatu mwalimu mkuu alituma mtu kwenye kabati langu. Walibeba magazeti yote, na si magazeti tu, walibeba na makabrasha ya watoto, kurasa walizokata na kubandika kwa miaka minne, majina yao, matangazo waliyotunga, mbuzi anauzwa, dada anatafutwa. Vyote vikapelekwa nyuma ya jikoni, vikachomwa karibu na shimo la taka. Mpishi aliomba angalau atumie kuwashia moto wa githeri. Akanyimwa, kwa sababu eti agizo lilikuwa kuchoma, si kupikia. Nilisimama pale mpaka moshi ukaisha. 

Mwanzo wa mwaka uliofuata nilipewa barua ya uhamisho, nikaenda kufundisha juu kule upande wa Sachangwan, ambako baridi inaingia hadi kwenye chaki. Nikaanza upya. Barasa alibaki mwenyekiti miaka mingine mingi. Sitawaambia kwamba mambo yalinyooka, kwa sababu hayakunyooka.

Lakini Jumamosi baada ya mkutano, Mama Nekesa na mtoto wake walikwenda Elburgon bila kumwomba mtu ruhusa. Hakuna aliyewafukuza. Walimkuta yule mke mwingine, naye akawaonyesha kaburi mwenyewe, akawapikia, wakalala huko siku kadhaa. Naye alikuwa amedanganywa mengi. Kabla ya uhamisho wangu, Mama Nekesa alikuja kwangu kila Jumamosi alasiri kujifunza kusoma. Alikuwa mwanafunzi mgumu, mbishi, akigombana na kila herufi. Alijifunza. Nekesa leo yuko Njoro, anafanya kazi kwenye duka la agrovet, na wakulima wanampenda kwa sababu hamwachii mtu chupa ya dawa kabla hajamsomea maelezo yote, hata yale maandishi madogo ya nyuma. Magazeti hayapendi. Hataki kuyagusa. Na mimi simlaumu.

Sasa mnaniambia magazeti yamepungua, watu wanasoma kwenye simu, tableti za shule zimefungiwa stoo, na vitabu vilivyoidhinishwa ni hivyo tu. Nasikia. Basi niwaambie kilichotokea darasani wiki ile ya moto, kwa maana wanaotafuta sababu ya kutofundisha huwa hawakosi.

Jumanne niliingia na kitabu cha kiada peke yake, mikono mitupu, nikawaambia wafungue ukurasa. Hakuna aliyefungua. Mtoto mmoja wa mbele akatoa mkobani mfuko mtupu wa sabuni ya unga, akaunyoosha juu ya deski. Akaniambia, "Ticha, hii si gazeti."

Sikuwa nimewatuma. Kesho yake madeski yalijaa. Karatasi ya dawa ya kikohozi, mfuko wa mbegu, boksi la majani chai, kalenda ya mwaka uliopita, ratiba ya ibada. Mwalimu mkuu alipita dirishani, akaangalia, akasimama kidogo, akaendelea na safari yake. Hakukuwa na agizo juu ya mifuko ya sabuni.

Alhamisi Nekesa alirudi kutoka Elburgon. Nikamwacha aketi. Wenzake walikuwa wakisomeana. Baada ya muda mkono ukainuka nyuma. Alikuwa na pakiti tupu ya unga wa mahindi, ameitandaza kwa viganja viwili. Akasimama bila kuangalia sakafu. Akasoma uzito. Akasoma hifadhi mahali pakavu, akakwama kwenye hifadhi, akarudi, akaipata. Sauti yake ilikuwa ndogo na hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa sikuwaambia, na nadhani na wao walielewa.

Nilimuuliza kama anataka kupumzika. Akatikisa kichwa, akageuza pakiti upande wa pili.